BABU ZETU WALIKUWA NDANI NA NJE YA YAKOBI

Ndugu wanachama, mtu atokaye Dar es Salaam kwa basi akifika Makambako huona njia zikigawanyika mbele yake. Moja yashika magharibi kwenda Mbeya na Zambia, nyingine yapinda kusini kwenda Njombe mpaka Songea. Reli ya TAZARA nayo yapita papo hapo. Basi likisimama wachuuzi waja mbio na viazi, njegere na parachichi, na abiria wavaa makoti yao, maana baridi ya nyanda za juu haina urafiki na mtu wa pwani. Watu wengi sana wapita Makambako. Lakini ni wangapi wauliza mambo gani yalitokea katika nchi hii wanayoipita?

Basi tuulize sisi. Mwite kijana yeyote aliyemaliza shule, umwulize Mkwawa alikuwa nani. Atakujibu. Mwulize Kinjeketile alikuwa nani. Atakujibu pia, kwa kuwa alifundishwa. Sasa mwulize: mwezi wa Septemba 1905, pale Yakobi, si mbali na mji wa Njombe, kulitokea nini? Hapo wengi watainamisha vichwa. Kosa si lao. Hawakuambiwa, na waliopaswa kuwaambia ni sisi.

Makala haya yana shabaha moja. Twataka wasanii wa Njombe na Makambako, yaani waigizaji, wachoraji, wachongaji, watunzi wa kwaya na vijana wenye kamera, wapewe karatasi, picha na masimulizi ya nchi yao, kisha waachwe wafanye kazi bila kuamriwa hadithi iishe vipi. Twataka hivyo hata kama hadithi itakayotoka haitatupendeza sisi wenyewe wa chama. Tena hapo ndipo tutakapojua kama twataka historia au twataka sifa.

MAMBO YALIYOTOKEA

Wamisionari wa Kijerumani wa Misheni ya Berlin waliingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19. Kituo kimoja kilikuwa Yakobi, na padre wake aliitwa Paul Gröschel. Ulimi wa Kibena haukulipenda jina hilo, wazee wakamwita Korosani.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Habari za dawa ya maji zikasafiri toka bonde la Rufiji kwenda kusini na magharibi, zikafika Ungoni, zikafika na Ubena. Mwezi wa Septemba watu wa Mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha Yakobi. Shambulio halikufaulu. Halafu majeshi ya Serikali ya Kijerumani yakaingia nchi za kusini na kufanya vita ya moto: nyumba zikachomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakateketezwa, watu wakazuiwa wasipande. Kisha ikaja njaa, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Upangwa, ambayo leo imo katika wilaya ya Ludewa, iliumia vibaya mno. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000 katika nchi yote ya vita. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Haya ndiyo mambo ambayo kitabu cha shule huyaeleza kwa mistari michache. Lakini wazee wa Yakobi wana jina lao la vita hiyo. Mwanahistoria James Giblin, aliyekaa na wazee wa Njombe akiwasikiliza, alitoa maandishi yake juu ya Yakobi mwaka 2010, akatuonyesha kuwa huko watu wakumbuka Vita vya Korosani.

Zingatieni jina hilo, ndugu. Wazee hawakusema vita vya Wajerumani, wala hawakusema vita vya taifa. Waliita vita kwa jina la mtu mmoja waliyemjua kwa sura, aliyeishi kwao, aliyewafundisha watoto kusoma. Na ndani ya kituo cha mtu huyo hakuwemo Mzungu na familia yake tu. Walikuwemo Wabena pia: waliobatizwa, wanafunzi, watu wa kazi. Nje walikuwako Wabena. Ndani walikuwako Wabena. Ukoo mmoja uliweza kuwa na mtu huku na mtu kule. Vita hii haiingii vizuri katika hotuba zetu. Kwa hiyo tumeiacha nje ya hotuba.

KARATASI ZIKO WAPI

Sasa tazameni nani ameandika. Korosani aliandika. Kitabu chake juu ya miaka kumi ya kazi yake kilichapwa Berlin mwaka 1911, kwa Kijerumani. Humo amesema aliyoyaona yeye, kwa macho yake, kwa faida ya kazi yake na ya waliokuwa wakimtuma. Hatumlaumu kwa kuandika. Twajilaumu sisi kwa kumwachia peke yake. Maana waliokuwa nje siku ile hawakuacha kitabu, na watu weusi waliokuwa ndani naye hawakuacha kitabu. Waliacha watoto, na watoto wakasimulia, na wasimulizi sasa wanatuponyoka mmoja mmoja.

Kabla ya vita hiyo alipita mtu mwingine. Friedrich Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, na mwishoni mwa miaka ya 1890 alizunguka nchi ya Nyasa na ya kaskazini yake. Alikuwa na kamera na vyombo vya kupimia. Wabena, Wahehe, Wasangu, Wakinga na Wangoni waliingia katika vitabu vyake vya mwaka 1902 na 1906. Watu walisimamishwa, wakapimwa vichwa, wakapigwa picha mbele na ubavuni kama ng'ombe wa mnada. Chini ya picha nyingi hakuna jina la mtu. Pana jina la kabila tu, kama vile mtu huyo hakuwa na mama aliyemwita.

Picha zile ni mali ya nani? Mpigaji alikuwa na kamera, hilo kweli. Lakini sura ni ya babu wa mtu wa Lupembe au Mdandu au Makete. Mjukuu wake yuko hai, auza viazi Makambako, wala hajui kuwa babu yake amo kwenye sanduku ng'ambo.

Wala si picha tu. Taasisi ya majumba ya makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu 1,135 ya watu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki siku za ukoloni, ikatoa matokeo mwaka 2023. Mafuvu 202 yalitoka katika nchi iliyo Tanzania leo. Mafuvu ya watu, ndugu, yenye namba zilizoandikwa kwa wino! Na vitu vingine, mikuki, ngoma, vigoda, dawa na mapambo, vyahesabiwa kwa maelfu.

Na hapa kwetu je? Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yamo mafaili ya Serikali ya Kijerumani, na vile Vitabu vya Wilaya ambamo Bwana Shauri wa Kiingereza aliandika aliyoambiwa juu ya watwa, mipaka na mila. Hayo yako nyumbani. Lakini toka Njombe mpaka Dar es Salaam ni safari ya siku nzima, mafaili ya Kijerumani yataka mtu ajuaye Kijerumani, na mtunzi wa nyimbo wa Makambako hana nauli wala barua ya kumfungulia mlango. Kwa hiyo kwake yeye Dar es Salaam ni mbali karibu sawa na Berlin.

WENZETU WAMEFANYA KAZI

Wako watu watakaosema kwamba kazi ya mafaili ni ya wanahistoria, na msanii akae na ngoma yake. Hilo ni neno la mtu asiyetazama yaliyofanyika.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji toka kwa wazee. Kazi kubwa ile! Lakini ni wangapi kati yetu waliosoma karatasi zao? Wachache. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake wa Kinjeketile. Ni wangapi waliousoma au kuuona? Maelfu kwa maelfu, shuleni na majukwaani. Na tukumbuke Hussein alifanya nini. Hakuandika mchezo wa kumpaka mtu mafuta. Alisema wazi kuwa Kinjeketile wake si nakala ya yule wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905. Alimweka mbele yetu kiongozi mwenye shaka, ambaye neno lake limekuwa kubwa kuliko yeye, na watu wanaoamini maji na kufa kwa kuyaamini. Taifa lilikuwa changa, lilitaka mashujaa wasio na doa. Yeye akalipa swali. Na hata leo swali lile linaishi, wakati nyimbo nyingi za sifa za miaka ile zimesahauliwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifanya kazi ya namna hiyo katika riwaya yake ya Afterlives ya mwaka 2020. Aliwachukua askari weusi wa jeshi la Mjerumani, wale ambao sisi huwaita vibaraka na kufunga mlango, akatuonyesha kijana mmoja alivyoingia jeshini kwa hiari yake, na alivyotoka na majeraha. Riwaya yake nyingine, Paradise, sasa yasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022.

Upande wa Moshi ya Zamani, ambako Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, wasanii wa Kijerumani na Watanzania walitengeneza maonyesho mwaka 2018 juu ya kichwa chake kinachotafutwa mpaka leo. Na mwaka 2024 ilitoka filamu ya Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, ambayo jina lake maana yake ni kaburi tupu. Filamu hiyo yafuata jamaa wa Mangi Lobulu na jamaa wa Songea Mbano, yule jemadari wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Mtu akiiona haoni takwimu. Aona mjukuu akizunguka ofisi za wageni kuulizia kichwa cha babu yake. Faili lile lile lililokaa kimya miaka mia lasema, kwa kuwa pana mtu anayelisoma kwa sauti huku mkono wake ukitetemeka.

Hata Hamburg kuna mfano. Sanamu ya Hermann von Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa mwisho Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Ikafungiwa ghalani. Kisha msanii Hannimari Jokinen akaitoa ghalani mwaka 2004, akaisimamisha bandarini kwa miezi kadhaa, akawauliza wenyeji: mwataka tuifanyeje? Watu wakabishana. Wengine walikasirika. Lakini mji ambao ulikuwa umesahau ulilazimika kukumbuka jinsi ulivyotajirika.

Twasema basi: msanii haongozi faili lifungwe, hulifungua mbele ya watu. Mwanahistoria akishathibitisha tarehe, bado twahitaji mtu wa kutuuliza tarehe hiyo yatuhusu nini.

NGUO YA KUAZIMA

Lakini tazameni ramani ya kazi hizo. Moshi ipo. Songea ipo. Dar es Salaam, Berlin na Hamburg zipo. Mwaka 2023, mwezi wa Novemba, Rais wa Ujerumani, Bwana Steinmeier, alikwenda Songea katika Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Alikwenda Songea, na ilikuwa haki aende. Lakini vita haikuwa ya Songea peke yake. Mwaka 2024 Berlin ikafungua maonyesho makubwa juu ya historia za Tanzania katika jumba la Humboldt Forum, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa letu. Hilo pia si baya. Bali twauliza: Njombe imo wapi? Makambako imo wapi?

Nguo ya kuazima haisitiri. Kazi nyingi tulizozitaja zimefanywa kwa fedha za Ujerumani, na mwenye fedha, hata akiwa mtu mwema, huwa na tarehe zake, na maneno yake, na mambo anayopenda kuyasikia. Leo apenda habari za mafuvu, kesho habari za misitu, kesho kutwa fungu limekwisha. Hatuwatukani wasanii waliopokea fedha hizo. Walikwenda penye mlango wazi, maana kwetu ulikuwa umefungwa. Aibu ni yetu tuliosherehekea uhuru zaidi ya miaka sitini na bado hatujaweza kumpa mchoraji wa Njombe chumba, meza, na nakala ya picha za babu zake.

TUNAOGOPA NINI?

Sasa tufike penye mwiba. Kwa nini tumekaa kimya juu ya Yakobi? Twaweza kusingizia fedha, barabara, au wakoloni walioiba karatasi. Yote yana ukweli wake. Lakini iko sababu nyingine, na gazeti la chama likiificha halifai hata kufungia maandazi.

Tumekuwa tukiogopa kwamba Yakobi itaharibu hadithi yetu nzuri. Hadithi hiyo twaipenda na ni ya kweli kwa sehemu kubwa: makabila zaidi ya ishirini yaliinuka dhidi ya Mjerumani, na mbegu ile ikaota baadaye ikawa taifa. Lakini twajua pia kwamba watu wetu wengine hawakuinuka. Wengine walimsaidia Mjerumani kwa mikuki yao. Wahehe na Wabena, Wasangu na Wangoni walikuwa wamepigana wao kwa wao miaka mingi kabla Mzungu hajafika, na madeni ya vita hizo yalikuwa hayajalipwa. Misitu na mapango ya Ubena, kama ile Nyumbanitu ambayo wazee waiheshimu mpaka leo, yasimuliwa kuwa maficho ya watu wakati wa vita. Na waliojificha hawakuwa wakimkimbia Mzungu kila mara. Wengine walikimbilia misheni kwa sababu walikuwa watumwa au yatima au wanawake waliochoshwa. Je, hao walikuwa wasaliti?

Hatusemi kuwa Korosani alikuwa na haki. Misheni ilikuja nyuma ya bunduki, ikalindwa na bunduki. Waliomwendea siku ile walikuwa na sababu, na sababu yao ilikuwa kodi, kazi ya lazima, kiboko, na nchi yao kugeuzwa ya mtu mwingine. Hilo hatulirudishi nyuma hata kidogo. Twasema tu kwamba mama aliyekuwa ndani akimfunika mtoto wake alikuwa Mbena naye, na mjukuu wake yu kati yetu, labda ana kadi ya chama. Mjukuu huyo akija kwenye mchezo wetu akute bibi yake amefanywa kibaraka mwenye meno marefu, ataondoka. Na akiondoka, ataondoka na masimulizi yake. Tutabaki na nusu ya historia, na nusu nyingine itabaki ndani ya kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1911. Je, hapo nani ameshinda? Korosani ameshinda mara ya pili.

Ndiyo maana twasema msanii asiamriwe. Ofisi haiwezi kuweka pamoja wa ndani na wa nje. Ofisi itaandika taarifa. Mkutano wa hadhara hauwezi. Mkutano utapiga makofi. Lakini jukwaani mtu aliye nje na mkuki aweza kuita jina la dada yake aliye ndani, na sisi sote tukae kimya tukisikiliza kama ataitika. Tukisikia hivyo tutaelewa ukoloni zaidi kuliko kwa hotuba kumi, kwa sababu ukoloni ulifanya hasa hilo: ulimweka dada ndani na kaka nje, kisha ukaandika kitabu.

Iko na hofu nyingine, nayo ni ya heshima. Wazee wengine watasema, waacheni wafu walale. Shikamoo zao, wazee wetu. Lakini mafuvu yaliyomo kwenye makabati ya wageni hayajalala. Babu aliyepigwa picha akiwa uchi kwa ajili ya kupimwa hajalala. Mwenye kulaza wafu ni yule anayewaita kwa majina yao. Hata hivyo, hofu hiyo ina fundisho kwa wasanii wetu: si kila picha iliyopatikana ibandikwe ukutani. Mtu aliyevuliwa nguo mara moja na daktari wa jeshi asivuliwe mara ya pili na sisi katika maonyesho. Msanii aulize ukoo. Aweza kuifunika picha kwa kaniki, aweza kuchora sura peke yake, aweza kuacha fremu tupu na kuweka sauti ya mjukuu. Tofauti ya msanii wa taifa na Fülleborn ni ruhusa.

Wa tatu ni wale wasemao, wakinywa ulanzi jioni, kwamba historia haijazi tumbo. Ndugu zetu hao twawajibu hivi. Msilitaje tumbo kana kwamba halina historia. Kwa nini wanaume wa Njombe walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro? Kwa sababu kodi ilidaiwa hapa na kazi iliwekwa kule. Kwa nini mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na Njombe ikawa moja ya visima vyao? Kwa nini kuanzia mwaka 1949 vilima vya Njombe vikapandwa miwati na shirika la Waingereza? Atakayeelewa hayo ataelewa kwa nini mkulima wa viazi wa leo bado apangiwa bei na mtu asiyemwona. Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu.

KAZI YA MATAWI

Hatuandiki ili tulie. Twaandika ili kazi ianze, na kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, kila tawi la Njombe na Makambako likae na wazee kabla ya mvua. Wajumbe waende wawili wawili, mmoja kijana mwenye simu ya kurekodi, mmoja mtu mzima ajuaye Kibena, Kikinga au Kipangwa cha ndani. Waamkie kwa adabu, waseme Kamwene, wakae chini. Wasiulize, “Shujaa wenu ni nani?” Waulize, “Watu wa nyumba hii walikuwa wapi wakati wa Korosani?” Waandike yote, hata yanayopingana. Yanayopingana yaandikwe mara mbili.

Pili, wafunguliwe masanduku majumbani. Vipande vya manamba, barua za mkonge, vyeti vya ubatizo, picha zilizokunjwa, yote hayo ni nyaraka. Kila familia ibaki na mali yake. Tawi lichukue nakala tu. Hatutaki kuwa wakoloni wa masanduku ya bibi zetu.

Tatu, halmashauri zetu za miji, ya Njombe na ya Makambako, zidai kwa barua, kupitia Makumbusho ya Taifa na Idara ya Nyaraka, nakala za picha na maandishi yahusuyo Ubena, Ukinga na Upangwa. Nakala hizi zaweza kutumwa siku hizi kwa dakika chache, hazihitaji meli. Kudai nakala hakuzuii kudai asili. Mifupa ya watu haina nakala, na hiyo irudi yenyewe. Na kitabu cha Korosani kitafsiriwe kwa Kiswahili, watu wamsome, wambishie.

Nne, patengwe nyumba moja. Si jumba la marumaru. Chumba kikavu chenye kabati, meza na taa, karibu na stendi au stesheni ya Makambako ambako watu wapita, na kingine Njombe. Humo msanii aingie bure, atazame, asikilize, afanye kazi. Na alipwe! Tumezoea kumwita msanii aje atumbuize kikao kisha tumpe soda. Mchongaji hula, na mtoto wa mwigizaji huvaa sare za shule kama wa karani.

Tano, kazi ikikamilika ionyeshwe Yakobi kwanza. Kabla ya Dar es Salaam na kabla ya Berlin, iwekwe mbele ya watu ambao hadithi ni yao. Wakisema hapa mmekosea, irekebishwe au ibishaniwe hadharani. Na sisi wa chama tukae kwenye mabenchi pamoja na watu, si kwenye viti vya mbele tukimkonyeza mwigizaji.

Ndugu wanachama, mwaka 1954 fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga, na Gavana Twining ndiye aliyelikabidhi, akiwa na hesabu zake za kikoloni. Hata siku ile ya kurudishiwa kilicho chetu, jukwaa lilikuwa la mwingine na hotuba ilikuwa ya mwingine. Hatutaki Njombe isubiri gavana wa aina hiyo, awe na kofia ya manyoya au awe na fungu la msaada. Kibao kielekezacho Njombe kimesimama pale Makambako, na njia ya Yakobi wenyeji waijua. Wazee walio hai wapo, si wengi. Atakayeanza kesho atawakuta. Atakayeanza mwakani atakuta makaburi, na kitabu cha Korosani juu ya meza.

Uhuru na Kazi!